Mhariri, ule mlima haukuwa mtupu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua kuna siasa na kuna bei ya unga na kila mtu ana lake, lakini hili nimekaa nalo rohoni zaidi ya mwaka sasa na kila nikipanda pale juu linanirudia, kwa hivyo acha niandike tu nitue mzigo. Nataka kuongea kuhusu leleshwa. Ile ile unayoijua, vile vichaka vya kijivu unaona ukitoka Naivasha kwa matatu ukipita Gilgil kuelekea Elementaita, na hakuna mtu kwa gari anageuza shingo kuviangalia.

Mei 10, 2024 serikali ilitangaza siku ya mapumziko ya kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko, na wananchi tukaombwa tupande miti. Si mnakumbuka hali ilivyokuwa, siku 11 tu zilikuwa zimepita tangu maji yashuke usiku kule Mai Mahiu yakazoa watu wakiwa wamelala, na sisi huku Gilgil si mbali na kule, kuna watu hapa walizika ndugu zao. Kwa hivyo ilipokuja taasisi fulani, sitaitaja, na lori la miche na tisheti za kugawa, tulitoka kwa wingi. Mimi nilibeba jembe langu na mtoto wangu wa mwisho akabeba ndoo.

Kufika kwa mteremko juu ya kijiji nikakuta kazi ilianza tangu alfajiri, lakini haikuwa ya kupanda, ilikuwa ya kufyeka. Leleshwa yote ya upande ule imelazwa chini, vijana wako na mapanga na mashoka, na juu kidogo palipo tambarare kuna tingatinga inang'oa visiki na mizizi yake ili pawe pazuri pa kuweka hema na viti vya wageni. Nikamuuliza kijana mmoja, kwani hapa kunaendelea nini? Akanijibu kwa heshima tu, "Mzee, tunasafisha mahali pa kupanda miti." Alikuwa amevaa ile tisheti mpya na jasho linamtoka, na harufu ya leleshwa iliyokatwa imejaa mlima mzima mpaka inakufikia kooni. Nilishindwa nimwambie nini, yeye ni kibarua, alipewa panga akaambiwa anzia hapa ishia pale.

Kisha hotuba. Mkubwa mmoja akashika maikrofoni akasema mlima huu umekaa mtupu miaka mingi na leo tunauvisha nguo. Watu wakapiga makofi, mimi sikupiga. Nimezaliwa chini ya huo mlima, nimechunga mbuzi ndani ya hiyo leleshwa tangu nikiwa mtoto wa miaka sita au saba, nilikuwa najua kichaka gani kina mzinga wa nyuki na kichaka gani kware hutagia chini yake, na huyu mtu amesimama juu ya visiki bado vibichi anasema ni mtupu. Hilo neno moja ndilo limenifanya niandike barua hii yote.

Miche ilikuwa grevilea, saipresi na blugamu. Sina vita na hiyo miti, kwangu nyumbani grevilea ziko kwenye mpaka wa shamba na zimenisomeshea mtoto mmoja kwa mbao na kuni. Lakini grevilea na blugamu asili yake ni Australia, na saipresi yetu hii ya kawaida ni ya Mexico, ukiziweka penye udongo mzuri na ukizitunza mwanzoni zitakua. Pale juu hakuna udongo mzuri. Ni mawe na jivu la volkano, ukimwaga ndoo ya maji inazama kama umemwaga kwenye chujio, mchana jua linapiga kutoka juu na kwa mawe, usiku baridi ya Gilgil mnaijua, na upepo wa jioni unaotoka upande wa ziwa haupumziki. Hakuna hata mmoja aliyerudi kumwagilia. Kufika mwezi wa nane nyingi zilikuwa vijiti, zile zilizokuwa na majani mbuzi wakamalizia, na sitawalaumu mbuzi.

Sasa sikiliza hii. Mwezi wa tisa nilipanda pale na mtoto wangu yule wa ndoo, tukapita kwa vile visiki vilivyokatwa na panga. Kila kisiki kilikuwa kimechipuka. Hakikumwagiliwa, hakikuwekewa mbolea, hakuna aliyekizungushia miiba. Tuliinama kwa kimoja tukahesabu, machipukizi 17 kwa kisiki kimoja, yametoka pembeni kwenye ganda chini kabisa karibu na udongo, mengine marefu kama mkono wangu mpaka kwa kiwiko. Majani machanga ya leleshwa ukiyaona kwa karibu ni meupe kama yamepakwa unga, ukiyashika ni laini kama kitambaa cha mtoto mchanga, halafu yakikomaa upande wa juu unakuwa kijani ya kijivu na upande wa chini unabaki mweupe. Ndio maana upepo ukipita mlima wote hubadilika rangi, unageuka fedha, kisha unarudi kijivu. Mtoto akachuma jani moja akalifinya akanusa, akasema baba hii inanuka kama ile dawa ya kuweka kwa nguo. Na ni kweli, ni harufu ya kafuri.

Lakini pale tingatinga ilipong'oa mizizi hakuna kitu. Hakuna leleshwa, hakuna grevilea, hakuna hata nyasi ya maana. Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja maji yalipata njia hapo, yakafungua mfereji mdogo, na mfereji ukawa mkubwa, leo ndama akianguka mle humuoni mpaka ufike ukingoni. Udongo wetu wa huku uko hivyo, ni jivu lililolala juu ya jivu, ukiondoa kile kinachoushika unaenda. Aliyefika Suswa ameona yale makorongo, ng'ombe na barabara vinamezwa, na wote tunakumbuka Machi 2018 ule ufa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok mpaka habari zikafika dunia nzima, watu wakabishana kama Afrika inapasuka mara mbili au ni maji tu yamechimba jivu chini kwa chini. Mimi si mtaalamu wa miamba sitaingia huko. Ninachojua ni cha mlima wetu, upande wenye visiki udongo uko, upande wa tingatinga udongo umeshuka kwa mashamba ya watu.

Kwa wasioijua vizuri niwaeleze, maana nimegundua hata watu waliozaliwa huku wanaijua kwa jina tu. Leleshwa si mti mkubwa na si nyasi, ni kichaka cha urefu wa mita 2 hadi 6 hivi, ikiachwa miaka mingi penye nafasi inakuwa mti kamili wenye shina la kujipinda na ganda la kuchanikachanika. Wataalamu wanaiita Tarchonanthus camphoratus, hilo la pili ni kwa sababu ya ile harufu ya kafuri, na ni jina la zamani sana, Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliliandika mwaka 1753. Cha kushangaza ni jamaa ya alizeti. Huwezi kuamini ukiangalia maua yake, maana hayana yale majani ya manjano, ni vichwa vidogo kama punje za mtama, rangi ya maziwa yaliyoganda, vimeshikana kwa mafungu kwenye ncha za matawi. Halafu kuna wa kiume na wa kike kama mipapai. Wa kiume hutoa maua yakanyauka yakaisha, wa kike ndio hubeba mbegu, na mbegu yenyewe imefunikwa na sufi nyeupe kama pamba, kwa hivyo msimu wake ukifika unaona kichaka kimoja kimejaa pamba na jirani yake hana kitu. Nilipokuwa mdogo tulidhani wale wasio na pamba ni wagonjwa! Upepo unabeba ile pamba mpaka huko, ikianguka penye mawe kidogo na mvua ikapata inaota.

Inapatikana kutoka Afrika Kusini ikipanda mpaka Ethiopia na Somalia, na kuvuka bahari mpaka Uarabuni, na ndugu zetu wa Tanzania wanayo kule Arusha na Ngorongoro, lakini nyumbani kwake hasa kwa hapa Kenya ni Bonde la Ufa, hizi nyanda za juu kidogo zenye mawe ya volkano, kutoka mita 1,500 kwenda juu mpaka 2,000 na kitu, Longonot, Suswa, Naivasha, Gilgil, Nakuru, Narok. Inapenda mahali ambapo vingine vinakataa. Ukame inavumilia, baridi inavumilia, moto ukipita, juu inaungua lakini chini iko hai na mvua moja tu unaiona imerudi. Nenda Hell's Gate, hifadhi ya kilomita za mraba 68 tu iliyofunguliwa 1984, utakuta hao twiga na pundamilia na nyati watu wanalipa kuwaona wanaishi kati ya leleshwa. Nenda mbuga ya Ziwa Nakuru, ukitoka ufukweni ukaanza kupanda mawe unaingia kwenye leleshwa. Kule hakuna mtu anasema mlima ni mtupu, kule inaitwa makao ya wanyama na kuna tiketi. Ikiwa nje ya ua wa mbuga inaitwa kichaka cha kufyekwa. Ni leleshwa moja, tofauti ni waya tu.

Na nyinyi wa Nairobi msijione mko mbali na hii stori. Mtaa wenu wa Kileleshwa inasemekana jina lake limetoka hapa hapa, Wamaasai wanaiita ol-leleshwa, na pale palikuwa mahali pake kabla ya nyumba. Sasa ni maghorofa juu ya maghorofa. Nilikuwa na kazi ya siku mbili huko, nilitembea kutoka stendi mpaka nilipokuwa naenda nikiangalia kila ua na kila bustani, nikaona boganvilia, nikaona michikichi ya kupamba, leleshwa sikuona hata moja. Nilijisikia vibaya sana siku hiyo, ni kama mtu ameitwa jina la babu yake na haulizi babu alikuwa nani.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na leleshwa kwa kila kitu. Tukipata homa ya mafua alichemsha majani kwa sufuria akatufunika blanketi tujifukize mpaka macho yatoke machozi, usiku tukalala vizuri. Sisemi ni dawa ya hospitali, nasema tulilala vizuri. Majani alitandika chini ya mkeka. Nguzo za zizi lake zilikuwa leleshwa maana ni ngumu, nzito, na mchwa hawaipendi, zile nguzo alizokuwa nazo nikiwa mtoto mbili bado zimesimama na yeye ametutoka 1998. Kuni zake huwaka hata zikiwa mbichi, na hili kwa mama anayepika wakati wa mvua si jambo dogo. Mzee mmoja jirani yetu Mmaasai aliniambia wakiwa morani walikuwa wanaweka majani kwapani wakienda ngoma ili wanukie vizuri, alinionyesha anavyokunja jani, mzee wa miaka 80 anacheka kama kijana. Na nyuki. Nina mizinga 9, si mingi, lakini leleshwa ikitoa maua huhitaji kuambiwa, unasikia mlima unavuma. Mwaka ule wa kufyekwa nilivuna mizinga miwili tu.

Sasa nifike kwa makaa maana najua wengine mnanisubiri hapo. Ndio, leleshwa ni makaa mazuri, labda mazuri kuliko yote ya huku, inashika moto muda mrefu na haina cheche nyingi, na gunia nyingi zinazoshuka Nairobi kutoka Narok na Suswa ni hiyo. Ndugu zangu wawili wamelea watoto kwa makaa, siwezi kuwaita wezi. Kuna Kanuni za Makaa za 2009 zilizosema mtu awe na leseni na wachomaji wawe kwa vyama, halafu Februari 2018 ikaja marufuku ya ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii, na watu wa makaa nao wakabanwa barabarani kila mahali, ikakaa mpaka 2023. Hapa kwetu nilichoona kwa macho yangu ni kwamba watu hawakuacha, walianza kuchoma usiku. Na mtu anayechoma usiku akiogopa kushikwa hana wakati wa kuchagua. Anakata haraka, anachukua chote, na mbaya zaidi anachimba kisiki, kwa sababu kisiki ndicho kizito na kinatoa makaa mengi. Hapo ndipo shida yote ilipo. Sio shoka, ni jembe la kung'oa kisiki.

Mzee aliyenifundisha kuchoma, nikiwa kijana nilichoma pia sitaficha, alikuwa na utaratibu wake. Anaingia kwa kichaka anakata mashina makubwa tu, yale membamba anaacha, anakata kwa mteremko ndio maji ya mvua yasikae juu ya kisiki kikaoza, na anaacha kisiki kimeinuka kidogo kutoka chini. Tanuri analijenga penye uwazi mbali na visiki, anapanga magogo, nyasi juu, udongo juu ya nyasi, anawasha na kukaa nalo siku kadhaa akiangalia rangi ya moshi, moshi ukigeuka kutoka mweupe kuwa wa samawati anaziba matundu. Kisha hapo hapagusi tena miaka, anahamia upande mwingine wa mlima, na akirudi anakuta leleshwa imesimama kama hakuna kilichotokea. Huyo mzee amechoma makaa maisha yake yote na alituachia mlima mzima. Tingatinga ya siku moja, masaa manne tu, ilifanya kile yeye hakufanya kwa miaka 40.

Kuna wafugaji pia wana malalamiko yao na wana haki. Wanasema leleshwa ikiachiwa inafunga, nyasi zinakosa jua, ng'ombe wanakosa malisho, na mifugo yenyewe haiipendi sana, kwangu mbuzi hula machipukizi wakati wa kiangazi tu wakikosa kingine. Ni kweli, nimeona mahali imeshikana mpaka mbwa hapiti. Basi punguza. Kata kwa mistari, acha njia za nyasi katikati, uza kuni, tengeneza nguzo. Leleshwa haikatai kukatwa, ukiikata leo inakushukuru kwa machipukizi 17. Ninachoomba ni mizizi ibaki chini, ni hilo tu, halafu wafugaji na wa nyuki na wa makaa tukae chini tugawane mlima.

Lakini ukienda kwa ofisi na kwa madalali wa ardhi utasikia neno ndugu ya lile la mtupu, wao wanasema safi. Tangu reli ya SGR ifike Suswa Oktoba 2019 na ile bandari ya nchi kavu ikaanza kuzungumziwa, kila mtu anauza ploti. Matangazo yanasema ploti safi, tambarare, tayari kujengwa, na picha ni ardhi nyekundu iliyokwanguliwa mpaka mfupa. Safi maana yake leleshwa imeng'olewa. Mtu ananunua ploti yake moja, hajengi, miaka mitano sita inakaa hivyo wazi, upepo ukivuma vumbi linaingia kwa nyumba za watu na kwa vifua vya watoto, na maji yakija yanabeba. Akijenga sawa, binadamu lazima akae mahali. Lakini ungemwacha leleshwa akukalie hiyo ploti mpaka upate pesa ya mawe ungepoteza nini?

Sasa serikali ina mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032, na Katiba yetu ya 2010 kwenye kifungu cha 69 inasema nchi iwe na miti asilimia 10 kwa uchache, na hesabu ya 2021 ilisema tumefika asilimia 12.13. Naunga mkono mia kwa mia, nitapanda tena wakiniita kesho. Lakini swali langu kwa wanaopanga hizo kampeni ni hili, mkifika mahali mnaangalia kwanza nini kiko? Mbona hesabu inaanza na mche ulioshuka kwa lori na haianzi na kile mlichokikuta? Ule mteremko ulikuwa na vichaka zaidi ya elfu moja, vilivyo hai, vyenye mizizi ya miaka, vikaondolewa kukawekwa miche 600, na kwenye ripoti naamini iliandikwa miti 600 imepandwa. Hakuna safu ya kuandika iliyong'olewa. Wenzetu wa Baringo waliletewa mti wa mathenge miaka ya 1980 kwa nia nzuri kabisa, ati itazuia jangwa, ikameza malisho yao na kuharibu meno ya mbuzi, mpaka mbuzi wa kibogoyo akapelekwa mahakamani Nairobi kama ushahidi. Waliouleta ule mti hawakuwa watu wabaya, waliona ardhi ile wakadhani haina kitu.

Kwa hivyo Mhariri, kupitia kwako naomba watu wa misitu, kaunti, machifu, na hizi taasisi zinazokuja na malori, na pia shule na makanisa maana hata sisi wenyewe tunafanya. Kabla ya siku ya kupanda, njooni siku moja ya kutembea. Ulizeni mama wa kuni, muulizeni mtoto wa kuchunga, watawaambia hapa ni mawe, hapa panashika maji, hapa leleshwa inatosha haihitaji mtu. Miche ya kigeni pelekeni kwa mipaka ya mashamba na shuleni ambako kuna mtu wa kumwagilia. Kule juu kwenye mawe, kama lazima mfyeke basi acheni kisiki, na kama lazima mpande pandeni kile cha pale pale. Vitalu vya miche navyo, nimezunguka vitatu barabarani hapa kwetu nikitafuta mche wa leleshwa, wa kwanza aliniuliza kwani nataka kufuga panya, wa pili alisema hiyo ni ya msituni haiuzwi, wa tatu hakunijibu. Wana mimea ya kutoka nchi kumi, ya mlima ulio nyuma ya kibanda chao hawana. Mtu mwenye nyumba Nakuru au Naivasha anatafuta ua la kuzungushia boma lisilotaka maji, anauziwa kei apple ya miiba mirefu au kitu cha kumwagilia kila jioni, na leleshwa ukiipogoa inakuwa ua zuri la fedha, linanukia na halichomi watoto kwa miiba.

Yule mkubwa wa maikrofoni sina kinyongo naye, huenda aliandikiwa hotuba na mtu aliye ofisini. Natamani tu apite tena pale siku moja jioni, jua likiwa chini, asimame upande wa visiki. Machipukizi sasa yananifika begani na msimu huu kwa mara ya kwanza yameweka maua kidogo, wa kiume, nyuki wameshayajua.

Ule mfereji umefika karibu na ua wa jirani yangu mmoja mama mjane, zimebaki kama hatua 30. Sisi majirani wanne tumeanza kuweka mawe na magunia ya mchanga ndani yake. Mwezi wa kwanza nilizunguka upande wa pili wa mlima ambako hawakufika, nikakusanya ile pamba kutoka kwa vichaka vya kike, nikaichambua usiku na mama watoto tukipata mbegu moja moja, tukasia kwenye makopo 60 ya zamani ya maziwa na mafuta. Zimeota 23. Mvua zikishika tunazipanda kando ya mfereji, pande zote mbili, na mwaka ujao nitakusanya nyingine.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Gilgil.